Waraka kwa wenye vitabu: juu ya uchaguzi wetu wa komite

Kadutu, kwa wanamemba wote wa chama chetu cha akiba, wa Nyamugo, Cimpunda na Kasali, pamoja na wale waliohamia upande wa Bagira.



Naandika kwa sababu ya ujumbe uliozunguka kwenye simu zetu wiki iliyopita. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alipendekeza kwamba safari hii tusikusanyike kuchagua komite. Tuchague kwa WhatsApp: majina matatu yawekwe, kila mtu aguse jina analolipenda, jioni tuhesabu, yaishe. Sababu zake nazielewa. Saa za kurudi nyumbani zimekuwa fupi, na mama anayeacha meza yake soko la Kadutu kwa nusu siku anajua kitakachokosekana kwenye sufuria usiku. Wanamemba 19 walijibu kwa kidole gumba. Mimi sikujibu. Jibu langu ndilo hili, na ni refu, mnisamehe.

Nianze na kisanduku, kwa maana hicho tunakijua sote. Tangu Februari 2025, mji wetu ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 na benki zikafunga milango, kisanduku chetu ndicho benki. Kina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu wasiokaa avenyu moja, na kisanduku chenyewe kinalala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Hatukupanga hivyo kwa kuwaona wale wanne ni wezi. Tulipanga hivyo ili hata kama mwizi yumo kati yao, asipate pa kuanzia. Na kila Jumamosi, kabla kufuli hazijafungwa, mhesabu anazipanga noti mezani, anataja jumla, na sisi sote tunairudia kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Jumamosi inayofuata, kabla ya kufungua, mtu yeyote anaweza kuulizwa: tuliacha ngapi? Yule bibi yetu muuza samaki wa sambaza, ambaye hakusoma hata siku moja, ndiye ambaye hajawahi kukosea. (Kiasi chenyewe sitakiandika hapa. Mnajua kwa nini.)

Basi namba yetu inalala kwenye vichwa vya watu zaidi ya hamsini. Anayetaka kuigeuza usiku itambidi apite nyumba kwa nyumba, Kadutu nzima, ngazi kwa ngazi.

Franga tunazilinda hivyo. Kura je?

Mnaikumbuka siku ya uchaguzi uliopita. Tulikuwa 61 tuliotia sahihi. Wagombea watatu, vikapu vitatu nyuma ya kikwembe kilichotundikwa kwenye kamba, na kila mtu punje moja ya haragwe. Tulipomwaga vikapu mezani tukapata 25, 21 na 18. Jumlisheni wenyewe. Ni 64. Chumba kikanyamaza. Kisha mmoja wa komite akasema haidhuru, hata tukizitoa punje zote tatu kwa wa kwanza anabaki na 22, na wa pili ana 21, kwa hiyo mshindi ni yule yule. Hesabu yake haikuwa na kosa. Tukapiga makofi, tukala, tukaenda. Miezi miwili baadaye watu 14 walikuwa wamedai akiba yao na kuondoka, na hakuna hata mmoja wao aliyelitaja haragwe alipoulizwa sababu.

Mimi ndimi niliyeshika daftari siku hiyo. Niliandika 25, 21, 18. Jumla sikuiandika. Daftari lipo, anayetaka kuliona aje alione.

Hoja ile ya «haidhuru» ilifikishwa mahakamani Kenya, si kwa haragwe bali kwa mamilioni. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta alitangazwa kumzidi Raila Odinga kwa kura zaidi ya milioni 1.4. Pengo kama hilo linameza punje nyingi. Lakini tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, majaji wanne dhidi ya wawili, iliufuta uchaguzi huo. Haikusema Raila ndiye aliyeshinda. Iliuliza namba zilisafiri namna gani kutoka vituoni hadi Nairobi, ikaagiza seva za tume zifunguliwe zikaguliwe, na tume haikuzifungua kama ilivyoagizwa. Kwa majaji wale, ukubwa wa pengo haukuweza kuosha njia ambayo haionekani. Sisi pengo letu lilikuwa la kura nne, na tulipiga makofi.

Sasa nije nyumbani, kwenye mlango mmoja wa darasa.

Tarehe 30 Desemba 2018, siku ya uchaguzi wa nchi, nilikuwa mwangalizi wa Kanisa katika shule moja hapa Kadutu, mmoja kati ya watu wapatao 40,000 ambao maaskofu wa CENCO waliwatuma nchi nzima. Mnakumbuka mwaka mzima uliotangulia tulivyogombana juu ya mashine. Zilitoka kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini, zaidi ya laki moja, na watu walibadilisha herufi moja tu ya Kifaransa, «voter» ikawa «voler», mashine ya kupigia kura ikawa mashine ya kuiba. Nami niliingia darasani siku ile macho yangu yote yakiwa kwenye kile kioo.

Lakini kioo kile kilifanya kazi ndogo. Mtu aligusa picha, mashine ikamchapishia karatasi, akaikunja, akaitia kwenye sanduku. Ilipofika usiku sanduku likafunguliwa na karatasi zikahesabiwa kwa mkono, kama zamani. Umeme haukuwepo. Temwe, yaani mashahidi, wa parti mbili zisizosalimiana walishikilia simu zao juu ya meza kutoa mwanga, mmoja kushoto mmoja kulia, na mwalimu mmoja akachora vijiti ubaoni, vinne na cha tano kikikatiza. Kila karatasi ilinyanyuliwa, ikageuzwa upande wetu, jina likasomwa. Kijana akisinzia, temwe wa upande wa pili alimgonga bega: angalia, usije ukasema hukuona. Karibu na alfajiri PV, karatasi ya matokeo, ikaandikwa, mashahidi wakatia sahihi, nakala ikapakwa gundi na kubandikwa mlangoni. Nilizinakili namba zote kwenye daftari la mtoto, ukurasa wa nyuma, palipo na jedwali la kuzidisha. Ninazo hadi leo.

Kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima, karibu wiki tatu. Tarehe 10 Januari 2019 tume ya uchaguzi, CENI, ikatangaza: Félix Tshisekedi 38.57 kwa mia, Martin Fayulu 34.83, Emmanuel Ramazani Shadary 23.84. Maaskofu wakasema namba hizo hazilingani na zile ambazo waangalizi wao walizikusanya kwenye PV. Gazeti la Financial Times na watafiti wa Congo Research Group wakazichambua takwimu zilizovuja, wakamkuta Fayulu mbele akiwa na karibu 60 kwa mia. Mahakama ya Katiba ikathibitisha ushindi wa Tshisekedi. Mimi nilikuwa na ukurasa wangu wa jedwali la kuzidisha, na sikuwa na pa kuulinganisha, kwa maana CENI haikutoa matokeo ya biro moja moja. Ilitoa jumla. Mlango wetu ulikuwa umemezwa ndani ya jumla hiyo, na hakuna kidole ambacho kingeweza kuuonyesha: huu hapa, upo sawa, au haupo.

Ndiyo maana nasema mashine ile tuliilaumu kuliko kosa lake. Mwaka mzima tulilinda mlango wa mbele kwa fimbo, na njia ya kutoka darasani kwenda Kinshasa haikuwa na hata mlinzi mmoja. Wa Beni na Butembo hata mlango wa mbele hawakuupata. Kura yao iliahirishwa hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, rais akiwa ameshaapishwa, na siku ile ya Desemba watu wa Beni walijipanga foleni wakapiga kura yao wenyewe kwa karatasi za kuandika kwa mkono, ambayo hakuna aliyeihesabu ila wao. (Aliyesoma matokeo ya Januari 2019 kama mkuu wa CENI ni Corneille Nangaa, ambaye leo ndiye kiongozi wa AFC. Hapo siongezi neno. Waraka huu utapita mikono mingi.)

Wakenya walijifunza jambo kutoka 2017. Mwaka 2022 tume yao iliziweka kwenye intaneti picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000, kila mtu azione. Makamishna wanne kati ya saba walimgeuka mwenyekiti wao mbele ya kamera, kesi ikafika mahakamani tena, lakini mara hii mwenye jedwali lake la kuzidisha alikuwa na pa kulinganisha.

Ya 2023 nayapitia haraka, kwa sababu bado mabichi. Kura nne kwa mpigo: rais, wabunge wa taifa, wabunge wa jimbo na, kwa sisi wa miji mikuu ya majimbo, washauri wa komini. Siku moja ya tarehe 20 Desemba ikageuka siku kadhaa. Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kabisa kwa sababu ya vita. Tarehe 5 Januari 2024 CENI yenyewe, chini ya Denis Kadima, ikafuta kura za wagombea 82, baadhi kwa kushika mashine za kupigia kura kinyume cha sheria, na ikafuta uchaguzi wote wa wabunge wa Masimanimba na Yakoma. Ilikuwa hatua ya kusifiwa, na niliisifu. Kisha nikawaza: mashine iliyokaa kwa mgombea ubunge ilikuwa na kura ya rais pia ndani yake. Hiyo ya rais CENI haikuigusa.

Na kadi zetu za 2023, zile zilizochapishwa kwa wino wa joto? Zitoeni mzitazame. Kwa wengi nchini sura imebaki kivuli na jina limeondoka. Kama sisi tungewapa wanamemba vitabu vya akiba vinavyojifuta, mngetufukuza siku hiyo hiyo.

Narudi kwenye WhatsApp. Kura ya WhatsApp ina ubaya wa pande mbili, na wengi wameona mmoja tu. Wa kwanza ni kuhesabu: mwenye namba mbili za simu ana kura mbili, na bibi yetu wa sambaza, mwenye simu ya vitufe, hana hata moja. Mtasema mjukuu wake atampigia. Atampigia, ndiyo, na atamchagua anayemtaka mjukuu. Ubaya wa pili ndio unaonitisha. Gusa pale chini ya majina, utaona waliogusa kila jina, na picha zao. Prezida wa chama, ambaye kesho utamwomba mkopo wa kulipia shule, anajua leo kwamba ulimchagua mwingine.

Wazee wetu walilipitia hilo. Mwaka 1970 Mobutu alisimama peke yake, kadi ya kijani ni matumaini, nyekundu ni fujo, chagua. Waliosema ndiyo walihesabiwa zaidi ya milioni 10, na waliosema hapana 157 nchi nzima. Marehemu baba alikuwa akisema alitafuta maisha yake yote akutane na mmoja wa wale 157 amnunulie kinywaji. Na Kenya ya 1988, kwenye uteuzi wa wagombea wa KANU, watu walipangwa foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe. Wakauita mlolongo, na hadi leo wanasimulia jinsi foleni fupi zilivyotangazwa kuwa ndefu. Hapo siri ya kura ilipotea, na hesabu nayo haikupona.

Kwa hiyo tunahitaji vitu viwili vinavyovutana: mkono usioonekana wakati wa kutia, na macho ya wote wakati wa kutoa. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, mwaka 2009, ilizikataa mashine walizokuwa wametumia huko kwa sababu ambayo ningependa ibandikwe juu ya kila meza ya kura: raia wa kawaida awe na uwezo wa kukagua hatua kuu za uchaguzi bila kuwa fundi. Mimi kipimo changu ni bibi wa sambaza. Utaratibu ambao yeye hawezi kuukagua kwa macho yake na vidole vyake, kwetu haufai, hata uwe wa kisasa namna gani.

Wa Gambia walipata njia yao zamani, miaka ya 1960. Mpiga kura anapewa goroli, anaingia mahali palipofichwa, anaitumbukiza kwenye pipa la mgombea wake kupitia tundu dogo. Ndani kuna kengele, inalia mara moja. Ikilia mara mbili, nje wote wamesikia. Walitumia goroli hata 2021. Uzuri wake ni kwamba asiyesoma ndiye mkaguzi sawa na aliyesoma, kwa sikio.

Goroli hatuna, na haragwe tumeshaona: kila nyumba ya Kadutu inalo. Nimewaza vifungo vya koti. Asubuhi ya siku yenyewe watu watatu, mmoja wa kila mgombea, waende pamoja sokoni wanunue vifungo vya namna moja ambavyo hakuna aliyejua jana vitakuwa vya rangi gani. Vihesabiwe mbele yetu, sawa na idadi ya waliotia sahihi, na vinavyobaki vifungwe kwenye kisanduku chenye kufuli tatu kabla mtu wa kwanza hajapita nyuma ya kikwembe. Makopo yawe matatu, kila moja na picha ya mgombea, mchanga chini ili kifungo kisisikike kimeanguka wapi, na mfuniko wenye tundu la kifungo, lisilopitisha mkono. Wahesabu wapatikane kwa bahati nasibu siku hiyo hiyo, wasijulikane kabla. Mimi nisiwemo. Jumla iandikwe kwanza, kabla ya majina. Ikizidi au ikipungua hata kwa kifungo kimoja, tunarudia, jua lingali juu. Yule atakayesema haidhuru aombwe kutoka nje anywe maji.

Kuna jambo moja lililobaki, na hili si la wizi. Mshindi wetu, hata tukimpa zile punje tatu, alikuwa na 25 kati ya watu 61. Watu 36, kwa uchache, walitaka mwingine. Hakuiba chochote kwa hilo. Kanuni yetu ndiyo ilivyosema, anayetangulia ameshinda. Kanuni ya nchi nayo ni hiyo tangu Januari 2011. Mwaka 2006 tulikwenda mara mbili, Julai na Oktoba, kwa sababu Joseph Kabila alipata chini ya nusu mara ya kwanza na ilibidi arudi kupambana na Jean-Pierre Bemba. Kisha katiba ikageuzwa, raundi ya pili ikaondolewa, wakasema ni ghali. Ndiyo maana namba za Januari 2019, hata ukizipokea kama zilivyosomwa, zinatupa rais ambaye zaidi ya 61 kwa mia ya waliopiga kura hawakumchagua. Kwa nchi ya watu wengi namna hii, gharama ni hoja, nakubali. Kwetu raundi ya pili ni kumwaga vifungo na kupanga mstari upya, nusu saa. Napendekeza asiyefika nusu na mmoja juu yake asiitwe mshindi. Wale 14 walioondoka, baadhi yao wangebaki, kwa maana wangekuwa wameulizwa mara ya pili: kati ya hawa wawili, bora nani?

Najua wapo watakaosema: mwandishi huyu anataka mambo ya Kinshasa kwenye chama cha watu hamsini na wachache. Nawajibu kwamba Kinshasa ni mbali na siwezi kuifikia, na uchaguzi mwingine wa nchi, ukija na ukitufikia, utatukuta hapa tukiwa na mazoea fulani. Anayepiga makofi kwa punje 64 za watu 61 hatagutuka mbele ya PV yenye kura nyingi kuliko majina. Anayezoea kuirudia jumla kwa sauti atataka kuiona jumla ya mlango wake.

Tukutane Jumamosi baada ya usafi wa salongo, saa nne, mahali petu pa kawaida, ili saa tisa kila mtu awe njiani. Njoo na kitabu chako. Asiyeweza kuja kwa ugonjwa, wahesabu wawili wamfuate na makopo nyumbani kabla ya hesabu, wakisindikizwa na mtu wa kila mgombea. Matokeo yatabandikwa mlangoni, jumla juu, na kila mwenye simu ayapige picha kabla sijayanakili mimi daftarini.

Makopo mawili ya maziwa ya unga nimeshayapata. La tatu analo nani? Liwe la ukubwa ule ule. Lile aliloleta mtoto wangu ni dogo, na hata lenye mchanga linalia tofauti na wenzake.

Mwandishi wa chama